Richmond sio timu ya mpira

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Vijana wa siku hizi ukiwatajia Richmond wanadhani ni timu ya mpira, ila sisi wa Majengo hapa Dodoma tunaikumbuka vizuri sana hiyo kampuni ya umeme wa dharura. 2006 mgao wa umeme ulikuwa balaa, mi kinyozi mashine inazima katikati ya kichwa cha mtu, namalizia na mkasi huku anafoka, na hao Richmond waliopewa tenda ya kuleta umeme wa megawati 100 kumbe uwezo hawana! Februari 2008 ripoti ya kamati ya Bunge ya Mwakyembe iliyochunguza tenda hiyo ikasomwa bungeni, tukabanana kwenye redio moja ya betri, mara Lowassa kajiuzulu uwaziri mkuu, hapahapa mjini kwetu. Muuza karanga akasahau hata kudai hela yake, na sisi tukanyamaza hivyohivyo.

Kinyozi, Majengo, Dodoma