Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Kazi ya Kufundisha Uhalisia Pepe Shuleni

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawajibika kuwasilisha mbele yenu taarifa ya kazi za chama chetu cha walimu kwa mwaka 2025. Ninawashukuru kwa dhati mliosafiri kutoka Mafinga, Makambako, Tukuyu na Mbozi kuja hapa Mbeya. Kazi za kawaida mnazifahamu, nami sitazirefusha: tulifundisha katika shule 9, kwa wanafunzi wa darasa la sita na la saba pamoja na wa kidato cha kwanza na cha pili, tuliendesha semina 2 za walimu, na tulipiga picha za nyuzi 360 za Isimila, Kalenga, Ziwa Ngozi na Kitulo kwa kamera ya kukodi. Orodha kamili ya shule na tarehe anayo Katibu.

Jambo ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni uamuzi wa mwezi Machi kuhusu matumizi ya akiba ya chama, kwa sababu nimesikia mengi yakisemwa pembeni, na baadhi ya waliosema hawakuwapo siku ya uamuzi. Mkutano Mkuu uliopita ulipendekeza tununue miwani moja kamili ya uhalisia pepe, yaani ile inayomwonyesha anayeivaa ulimwengu wa kidijiti pande zote, kutoka nje ya nchi. Kamati Tendaji haikufanya hivyo. Ilinunua simu janja 12 zilizotumika, lenzi, kadi ngumu na gundi, na wanafunzi wakatengeneza kwa mikono yao miwani 12 ya maboksi, ambamo simu huwekwa mbele ya lenzi na kuwa skrini. Kuna wanachama walioandika katika kundi letu kwamba Mwenyekiti ametumia fedha za walimu kununua maboksi. Neno hilo liliniuma, nami ninaomba kulijibu kwa utulivu na kwa hesabu.

Kwanza, kuhusu utaratibu. Niliitisha kikao maalumu tarehe 22 Machi ili wanachama wote waamue. Akidi yetu ni wanachama 20, walifika 11. Bei ya simu ilikuwa ikipanda na muhula ulikuwa unakwenda, hivyo nikalipeleka suala hilo kwenye Kamati Tendaji, ambayo katiba inaipa mamlaka hayo pale kikao kinapokosa akidi. Wajumbe 6 waligawanyika watatu kwa watatu, na kura yangu ndiyo iliyoamua. Sikuificha kura hiyo siku ile na siifichi leo.

Pili, kuhusu darasa lenyewe. Kipindi kimoja cha sekondari ni dakika 40. Tulikubaliana kwamba mtoto asivae miwani kwa zaidi ya dakika 5 kwa mkupuo. Kwa miwani moja, hata tusipopoteza dakika hata moja ya kuvaa na kuvua, ni wanafunzi 8 tu ambao wangeona kitu katika kipindi kimoja, na darasa la wanafunzi 45 lingehitaji dakika 225, yaani karibu saa 4, huku wengine 44 wakimtazama mwenzao akigeuza shingo. Kwa miwani 12, darasa lilelile linamaliza kwa zamu 4, dakika 20, na nusu ya kipindi inabaki kwa maswali. Aidha, kampuni ya Meta, ambayo miwani yake ndiyo iliyopendekezwa, imeweka umri wa miaka 10 kuwa kiwango cha chini, na mtoto wa miaka 10 hadi 12 hutakiwa kutumia akaunti iliyofunguliwa na kusimamiwa na mzazi wake. Ni mzazi yupi wa darasa la sita kati ya shule zetu ambaye tungemfungulia akaunti hiyo, na kwa intaneti ipi?

Tatu, na kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote, mwanafunzi anayetengeneza miwani anaelewa kinachomdanganya macho. Miwani ya boksi si uvumbuzi wetu; Google iliitoa kwa jina la Cardboard mwaka 2014, ikauachia umma mpango wake mwaka 2019, na ikaacha kuiuza mwaka 2021. Kwa hiyo mchoro upo wazi kwa yeyote mwenye mkasi. Watoto wa darasa la sita walisimama mbele ya ukuta wakiwa na lenzi, wakaisogeza mbele na nyuma mpaka taswira ya dirisha ikatulia ukutani, wakapima umbali huo kwa rula, wakapata takribani milimita 45. Kisha wakajua wenyewe kwa nini skrini ya simu inapaswa kukaa karibu kidogo kuliko umbali huo, ili jicho liione kana kwamba iko mbali. Kabla ya kugusa simu yoyote walichora picha mbili za nyumba, moja kama inavyoonekana kwa jicho la kushoto na nyingine kwa la kulia, wakaziangalia kwa pamoja mpaka nyumba ikainuka kutoka kwenye karatasi. Jambo hilo mwanasayansi Charles Wheatstone alilieleza huko Uingereza mwaka 1838, wakati hakuna kompyuta wala umeme majumbani. Mtoto aliyeliona kwa penseli yake hadhani tena kwamba uhalisia pepe ni uchawi wa watu wa ng'ambo. Boksi la kwanza la mfano nililikata mimi mwenyewe nyumbani usiku, na mwanangu ndiye aliyelijaribu.

Ninakiri kwamba hoja ya mwalimu mmoja wa fizikia kutoka upande wa Iringa ina uzito. Alisema kuwa miwani ya boksi inafuata mgeuko wa kichwa tu: ukitazama juu, kushoto au nyuma, picha inafuata, lakini ukipiga hatua mbele, ulimwengu ule unabaki palepale. Miwani kamili hufuata hata mwendo wa mwili. Ni kweli, na tangu aliposema hivyo tumeagiza kila mwezeshaji awaambie wanafunzi jambo hilo waziwazi mwanzoni mwa somo. Alisema pia kwamba simu nyingi za bei nafuu hazina kihisi cha mzunguko, yaani jairoskopu, na bila hicho picha haigeuki vizuri. Hilo nililijua. Nilikwenda sokoni Mwanjelwa mara tatu kwa nauli yangu, nikapima simu moja moja kabla ya kulipa, na nilizikataa nyingi kuliko nilizozinunua. Simu zote tulizonazo zinafanya kazi mpaka leo.

Baadhi ya wakuu wa shule walitukatalia mwanzoni, kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni. Sikuwalaumu. Tuliondoa laini zote, tukaziandika simu namba, tukaweka picha ndani mapema ili pasihitajike bando, na mwalimu anazihesabu mbele ya darasa kabla na baada ya kipindi. Baada ya kuona utaratibu huo, wakuu wote isipokuwa mmoja walikubali.

Sasa nije kwenye tukio la mwezi Juni, ambalo limetumika kunihukumu. Katika shule moja ya wilaya ya Rungwe, msichana wa darasa la sita alipata kizunguzungu na kutapika baada ya kuvaa miwani. Alikuwa akitazama video iliyopigwa ndani ya gari likiteremka kona za Kitonga. Macho yake yalimwambia kuwa anakwenda kasi na kupinda, huku masikio yake ya ndani, ambayo ndiyo yanayohisi mwendo, yakimwambia kuwa ameketi kwenye dawati. Mgongano huo ndio unaoleta kichefuchefu, sawa na cha msafiri anayesoma kitabu ndani ya basi, ingawa kwake ni kinyume chake. Video hiyo niliipitisha mimi. Nilidhani watoto wataifurahia barabara wanayoifahamu, na nilikosea. Nilikwenda nyumbani kwa wazazi wake siku iliyofuata, nikaomba radhi, wakanipokea kwa heshima. Tangu hapo video zote ambazo kamera yake inatembea zimeondolewa, kila mtoto huvaa akiwa ameketi, anaruhusiwa kuvua wakati wowote bila kuulizwa sababu, na hakuna anayevaa bila fomu ya mzazi. Kwa kuwa tunapiga pia picha za madarasani, fomu hiyo inaomba ridhaa ya mzazi kwa picha hizo, kama inavyotupasa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata hivyo, ningependa wanaosema kwamba miwani ya bei kubwa ingeepusha tukio hilo waelewe kuwa video ileile ingeweza kumtapisha mtoto yuleyule katika miwani yoyote.

Kuhusu uhalisia ulioboreshwa, ambapo vitu vya kidijiti huonekana juu ya mazingira halisi kupitia kamera, kazi ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia, na gharama yake ilikuwa karatasi tu. Walimu wengi wana vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022, na programu inayosoma alama iliyochapishwa haihitaji jairoskopu. Inatazama jinsi pembe nne za alama zinavyoonekana, inakadiria umbali na mwelekeo wa kamera, kisha inachora kitu juu yake. Tulitengeneza umbo la Kimondo cha Mbozi kwa ukubwa wake halisi, urefu wa takribani mita 3, tukakiweka katikati ya darasa. Wanafunzi walisogeza madawati wenyewe bila kuambiwa ili kukipisha. Kisha walileta futi kamba kupima kitu ambacho hakikuwapo, na mmoja akauliza kama sakafu ya shule ingeweza kubeba tani 16 za kimondo hicho. Nilikuwapo siku hiyo, na kwangu mwaka mzima ulilipwa na swali hilo.

Uhalisia mchanganyiko, ambapo vitu pepe na chumba halisi huingiliana, tumeufundisha kwa maelezo na mifano tu. Ili kitu pepe kijifiche nyuma ya meza halisi au kidunde kwenye ukuta halisi, kifaa kinapaswa kukitambua chumba chenyewe, na vifaa vyetu haviwezi. Tulitumia kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kutoka ukuta hadi ukuta, upande mmoja ulimwengu halisi na upande wa pili ulimwengu pepe, wanafunzi wakaning'iniza kadi za mifano mahali walipoona panafaa na kubishana. Wazo la mstari huo ni la watafiti Paul Milgram na Fumio Kishino, waliolichapisha mwaka 1994, nao, kwa maana pana kuliko hiyo yetu, waliliita uhalisia mchanganyiko eneo lote lililo kati ya ncha hizo mbili.

Hesabu za mwaka ni kama ifuatavyo. Akiba tuliyoanza nayo ilikuwa shilingi 2,740,000. Mradi wa miwani ulitumia 2,100,000, yaani simu 1,320,000, lenzi na vifaa vya kutengenezea 280,000, uchapishaji 90,000 na usafiri wa wawezeshaji 410,000. Ada zilizokusanywa ni 765,000. Matumizi ya ofisi, vikao na kukodi kamera ni 495,000. Salio ni 910,000. Stakabadhi zote ziko mezani kwa Mhazini, na ninamwomba kila aliyeandika habari za maboksi azipitie leo kabla ya chakula.

Ada za mwaka zilipaswa kuwa 1,740,000, kwa maana ya wanachama 58 na shilingi 30,000 kwa kila mmoja. Waliolipa kamili ni 21, waliolipa nusu ni 9, na wanachama 28 hawakulipa chochote. Tunadai 975,000. Mahudhurio ya vikao vya robo mwaka yalikuwa 31, 22, 17 na 13, maana yake vikao viwili vya mwisho havikuwa na akidi na havikuweza kuamua lolote. Ninafahamu majukumu ya walimu, ninafahamu usahihishaji, misiba na mashamba, kwani nami ninayo. Lakini inanisikitisha kuona kwamba kikao cha Novemba kilikuwa na watu 13, na ujumbe wa kukilalamikia katika kundi letu ulikuwa na majibu zaidi ya idadi hiyo. Chama hakiwezi kununua hata miwani moja kamili, ile iliyotugawa, ikiwa karibu nusu yetu hatuchangii kitu.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijaalia, kufika shule zaidi upande wa Njombe na Makete, kutafsiri maelezo ya masomo yote kwa Kiswahili sanifu, na pengine kupata miwani kamili ya kuazima ili wanafunzi waone tofauti. Mazungumzo ya awali na mdau mmoja yameanza, nami nitawajulisha yatakapofikia mahali pa kusemwa. Tunafikiria pia kuwafundisha wanafunzi wa kidato cha pili kujenga mandhari yao wenyewe kwa A-Frame, programu ya wazi iliyoanzishwa na Mozilla mwaka 2015, ingawa hilo litategemea upatikanaji wa kompyuta.

Ninawashukuru wajumbe wa Kamati, wakiwamo watatu waliopiga kura ya kunipinga na bado wakakata maboksi pamoja nami. Miwani 2 na simu zake zilizochukuliwa baada ya semina ya Septemba hazijarejeshwa. Waliozichukua ninawaomba wazikabidhi kwa Katibu leo, au angalau wiki moja kabla ya shule kufunguliwa.

Mwenyekiti,
Mbeya