Barua kwa mpuliza saksafoni

Mwananyamala,
Dar es Salaam.

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, ila joto limenilazimisha kufanya mazoezi alfajiri, jambo ambalo majirani hawalifurahii hata kidogo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, hasa pale unaposema kwamba mwalimu wako anataka usahau yote uliyojifunza ukipuliza domo la bata, yaani saksafoni, katika bendi ya dansi, ndipo uweze kuipiga Hot-Sonate ya Erwin Schulhoff, ile sonata ya saksafoni na piano yenye ladha ya jazi, inavyostahili. Naona amepatia nusu na kukosea nusu.

Huo mtetemo wa sauti (vibrato) anaokufundisha kwa bidii, anadhani ulizaliwa wapi? Marcel Mule, mpuliza saksafoni wa Ufaransa, alikuwa mpigaji wa bendi ya kijeshi ya Garde Républicaine, lakini alipiga pia katika kumbi za dansi za Paris, na huko ndiko alikousikia mtetemo wa wapigaji wa jazi. Mwaka 1928, alipokuwa akipiga katika baleti moja kwenye jukwaa la Opéra-Comique, ukumbi wa opera wa Paris, aliutumia mtetemo huo ndani ya okestra, nao ukapendwa. Mtu huyohuyo ndiye aliyefundisha saksafoni katika Konsevatori ya Paris, chuo kikuu cha muziki huko, kuanzia 1942 hadi 1968, kwa hiyo unapoambiwa uache mambo ya ukumbini, kumbuka kwamba sauti unayoambiwa uifuate nayo ilipitia ukumbini.

Mwalimu wako amepatia katika jambo la mapigo. Schulhoff, mzaliwa wa Praha, aliiandika sonata hiyo mwaka 1930, na miruko ya mapigo ameiandika yote kwenye karatasi; ukizibembeza tena kwa mdundo wa swing noti ambazo ameziandika sawasawa, utagongana na mpiga piano na utamu wote utapotea. Ladha ya jazi hapo imo zaidi katika ulimi: igonge kwa ulimi noti inayoangukia katikati ya pigo na pigo, kisha iunganishe na inayofuata bila kuigonga, na usiiegemee noti ya mwanzo wa kipimo kana kwamba tuko kwenye gwaride. Hilo tulilifanya kwenye bendi kila Jumamosi bila kujua kwamba lina kanuni.

Sehemu ya tatu ndiyo itakayokupima. Mtunzi ameielekeza ipigwe kwa maombolezo, lakini yenye kejeli nyingi, na ndani yake sauti inateleza kutoka noti moja hadi nyingine. Wengi waliosoma kwenye vyuo huteleza kwa aibu, kama mtu anayevuka tope akiwa na viatu vipya. Wewe koo lako linajua kazi hiyo; liache lilie, hata kilio kikiwa kibaya kidogo. Ila usichukue kile kidomo chako (kipande cha kupulizia) cha bendi chenye uwazi mpana, kwa maana ukali wake utaifunika piano.

Mpe pia mwalimu wako jina la La création du monde, muziki wa baleti wa Mfaransa Darius Milhaud, aliyoitunga mwaka 1923 baada ya kusikia jazi Harlem, mtaa wa New York. Saksafoni imewekwa pale ambapo kwa kawaida ingekaa viola, ile ala ya nyuzi kubwa kidogo kuliko fidla, nayo ndiyo inayoanza na wimbo mrefu, mtulivu, usiohitaji madoido yoyote. Asiseme tena kwamba jazi ni kelele. Na sisi tusiwe wakali mno kuuliza ipi ni jazi halisi, maana jina hilo tulilibandika kwenye NUTA Jazz, Western Jazz na Kilwa Jazz, bendi ambazo watu walizichezea rumba.

Nirekodie hiyo sehemu ya tatu kwa simu, ukiwa na mpiga piano, unitumie kabla ya mwisho wa mwezi. Zile ridi (vijiti vya kidomo) ulizoniachia, moja imepasuka, nyingine naitunza.

Rafiki yako daima.