Mbegu za malisho bila bakteria wake ni nusu ya habari

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu malisho ya nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania ilieleza vizuri jinsi klova na mikunde mingine inavyowapunguzia wafugaji gharama za mbolea, lakini iliandikwa kana kwamba mmea wenyewe ndio unaovuta nitrojeni kutoka hewani. Kazi hiyo hufanywa na bakteria wa udongoni waitwao rizobia, ambao huingia mizizini, hujengewa vinundu na kulishwa sukari na mmea, nao huigeuza nitrojeni ya hewa kuwa amonia. Mfugaji akipasua kinundu akakuta wekundu ndani, ajue kazi inaendelea. Kikiwa cheupe, huenda mmea wake unalisha wapangaji wasiolipa kodi.

Wala si kila rizobia hufaa kila mmea. Klova ina wake, medikago (mikunde ya jamii ya lusini) ina wake, na sula, inayolimwa kwa malisho Sicilia na Sardinia, ina wake pia. Wengi wa bakteria wa medikago hawastahimili udongo wenye tindikali, ndiyo maana aina moja ya bakteria hao inayoustahimili vizuri zaidi, iliyopatikana Sardinia mwaka 1981, ilithaminiwa sana na watafiti wa Australia.

Kisa kinachonifanya niandike ni cha biserula, mkunde mwingine wa Mediterania. Ulipopelekwa Australia Magharibi katika miaka ya 1990, udongo wa huko haukuwa na bakteria wa kuufaa, hivyo mbegu zilipakwa bakteria waliotoka Sardinia. Baada ya miaka sita tu, watafiti walikuta ndani ya baadhi ya vinundu bakteria tofauti na wale waliopakwa, ambao walikuwa wamepokea kutoka kwa wageni hao kipande kikubwa cha vinasaba vinavyowezesha kujenga vinundu. Vinundu walivijenga, lakini baadhi yao walitoa nitrojeni kidogo mno, na wengine hawakutoa kabisa.

Kwa hiyo kuiita mikunde hiyo “mbolea ya bure”, kama mwandishi wenu alivyofanya, ni kumwahidi mfugaji kupita kiasi. Naomba makala zijazo zitaje ni bakteria gani waliopakwa kwenye mbegu, na kama vinundu vilikaguliwa tena misimu kadhaa baadaye, kwa kuwa mavuno ya msimu wa kwanza hayawezi kuonyesha badiliko la aina hiyo.

Msomaji wenu,
Morogoro