Barua ya wazi kwa binti wa kaka yangu anayekwenda kongamanoni

Mwanangu,

Baba yako ameniambia muhtasari wa utafiti wako umekubaliwa na sasa unajiandaa kwa kongamano lako la kwanza, kwenye hoteli kubwa yenye kumbi chini na vyumba vya kulala juu. Hongera sana. Ameniomba nikupe mawaidha mawili matatu kwa simu, lakini simu zetu wewe na mimi tunazijua: nusu salamu, nusu umbea. Basi naandika, tena hadharani, maana najua si wewe peke yako uliyeshika barua ya mwaliko huku tumbo linavuruga.

Nianze na jengo, kwa sababu ndilo litakalokuchosha kabla mtu hajafungua mdomo. Kumbi za hoteli kwa kawaida hazina madirisha. Utaingia asubuhi, utoke jioni, na hutajua kama mvua ilinyesha. Kuta nyingi utakazoziona humo ni paneli nene zinazoning'inia kwenye reli za dari na kusukumwa na wafanyakazi usiku. Ndiyo maana ratiba inataja Ukumbi A, B na C ambazo jana yake zilikuwa ukumbi mmoja wa karamu. Paneli hizo hazizuii sauti inavyopaswa. Ukikaa ubavuni mwake utasikia makofi ya majirani wakati mtoa mada wenu anasoma takwimu zake. Wewe tafuta kiti upande wa ukuta wa kweli, tena pembeni karibu na njia, ili ukitaka kutoka usiwakanyage watu. Na beba sweta. Kiyoyozi hurekebishwa kwa kutegemea ukumbi uliojaa, na kikao cha kwanza asubuhi hakijai hata siku moja. Viatu vipya viache nyumbani.

Kama hoteli yenu ni ya ule mtindo wa uwazi mkubwa katikati na lifti za kioo zinazopanda huku mnazitazama (mtindo alioupa umaarufu msanifu majengo John Portman kwa Hyatt Regency ya Atlanta, iliyofunguliwa mwaka 1967), jiandae kupotea. Korido zake zote zinafanana. Jioni ya kuamkia siku ya kwanza, tembea kwa miguu yako kutoka kwenye lifti hadi ukumbi utakaobandika bango lako la utafiti. Ukikwama, muulize mfanyakazi anayesukuma mkokoteni wa vyombo. Huyo anajua njia kuliko ramani na kuliko yule kijana wa usajili aliyeajiriwa kwa wiki moja.

Umeniuliza kwa nini waandaaji wanakuandikia kila mara wakikusihi ulale hotelini hapo hapo. Ni biashara tu. Hoteli inaishi kwa kuuza vyumba vya kulala, kwa hiyo waandaaji huahidi kujaza idadi fulani ya vyumba, nayo hoteli huwapunguzia gharama ya kumbi, au huwapa bure kabisa. Vyumba visipojaa, mkataba mara nyingi huwataka walipe fidia. Bei ikikushinda, lala kwingine na usione aibu. Ila ujue kwamba mazungumzo mengi hutokea kwenye lifti asubuhi na kwenye viti vya mapokezi usiku, na ukilala mbali utayakosa.

Hili la chumba nalisema kama shangazi, kaka yangu asiliruke. Mhudumu wa mapokezi anatakiwa akuandikie nambari ya chumba kwenye karatasi. Akiitamka kwa sauti mbele ya foleni, mwombe kwa upole akubadilishie chumba; ni ombi la kawaida na wamelizoea. Beji ivue ukitoka nje ya hoteli, maana jina lako na mahali unapofanya kazi havimhusu kila mpita njia. Na mtu akikwambia kwamba ushauri wake wa kazi unapatikana chumbani kwake tu, huo si ushauri.

Sasa ratiba. Usiogope unene wake. Hakuna anayehudhuria yote, hata walioiandika. Chagua vikao vichache kwa siku, kile usichokipenda kiache, na ukiona mada haikufai baada ya dakika kumi, inuka utoke kimya kimya. Mmarekani mmoja, Harrison Owen, aliandaa mkutano mkubwa mwaka 1983 kwa kazi ya karibu mwaka mzima, kisha akagundua kwamba sehemu waliyoisifu wote ilikuwa mapumziko ya chai. Mwaka 1985 akajaribu mkutano ambao karibu wote ni mapumziko: watu wakipanga ajenda wenyewe papo hapo, na kanuni moja kwamba kama hujifunzi wala huchangii, tumia miguu yako uende penye manufaa. Mkutano wenu hautakuwa huru kiasi hicho, lakini kanuni ya miguu itumie.

Kipaza sauti kikiletwa wakati wa maswali, kipokee. Wapo wanaosema "sauti yangu inatosha" na kuona wamefanya hisani. Wakalimani vibandani hawawasikii, wenye usikivu hafifu hawawasikii, na kwenye rekodi swali lao linabaki kimya kirefu. Taja jina lako, uliza swali moja, ukae. Anayeanza na "mimi nina maoni zaidi kuliko swali" utamtambua kwa jinsi ukumbi mzima unavyoshusha pumzi.

Bango lako ndilo nililotaka kulifikia. Nimeliona kwenye picha aliyonitumia baba yako, na nakwambia kwa mapenzi: maneno ni mengi mno. Karatasi ya A0 ni milimita 841 kwa 1,189, inaonekana kubwa ukiiona kwenye kompyuta, lakini ukumbini itakuwa moja kati ya mamia, na msomaji wako amesimama, ana kikombe mkononi, na anamtafuta mtu mwingine. Mwaka 2019 mtafiti Mike Morrison alisambaza video akipendekeza kitu rahisi: matokeo makuu yaandikwe katikati kwa lugha nyepesi na herufi kubwa sana, mengine yote yakae pembeni kwa anayetaka undani. Walio wengi waliupenda mtindo huo, wengine waliuona unarahisisha mno. Mimi niko na Morrison. Sentensi yako ya katikati iandike kama ungeniambia mimi, nisiyejua kemia yako.

Halafu simama pembeni ya bango, usiwe mbele yake. Mtu akisogea, usianze kumsomea. Muulize, "Wewe unafanya kazi gani?" kisha umwelezee kipande kinachomgusa. Yule anayesoma kwa mbali, shingo imenyooka, hataki kusumbuliwa bado. Mpe nafasi, mtazame, atasogea. Kamba ya beji ifupishe kwa fundo, la sivyo jina litakaa usawa wa tumbo na kila anayekusalimu atainamisha kichwa kama anatafuta sarafu sakafuni.

Ukumbi wa maonyesho, kule kampuni zinakopanga meza zao, pita mara moja. Watu wa huko ni wakarimu na kalamu zao ni nzuri. Lakini wakiomba kuipitisha beji yako kwenye mashine, ujue umewapa anwani yako, na barua zao zitakufuata hadi ustaafu. Kama bidhaa inakuhusu, wape. Kama unataka kalamu tu, sema hapana kwa tabasamu. Kalamu utaipata tu.

Kuna jambo naliona linakuja, nalo ni ile jioni ya pili utakayokaa kitandani ukijiuliza umefuata nini. Itakuja. Oktoba 1911, wanafizikia wakubwa kabisa wa dunia walikutana hotelini, Metropole ya Brussels, kwa gharama ya tajiri wa viwanda Ernest Solvay. Marie Curie alikuwepo, Planck, Lorentz, Poincaré, na Einstein akiwa miongoni mwa vijana wao. Baadaye Einstein alimwandikia rafiki yake Besso kwamba mkutano ule ulifanana na maombolezo juu ya magofu ya Yerusalemu, na kwamba hakuna la maana lililotoka humo. Einstein huyo! Ila aliyekuwa mmoja wa makatibu wa mkutano alikuwa Maurice de Broglie, na kumbukumbu za mijadala alizokuwa akizihariri zilisomwa na mdogo wake Louis, kijana aliyekuwa amesomea historia. Zilimwasha. Akajitosa kwenye fizikia, na mwaka 1929 akapata Tuzo ya Nobel. Hakuwa na beji ya mkutano ule.

Kwa hiyo andika. Siongelei kunakili slaidi, hizo kwa kawaida utazipata. Zipige picha tu pale wanaporuhusu, na palipo na alama ya kukataza usipige. Andika alichosema mtu kwenye foleni ya chai, swali lililomfanya mtoa mada anyamaze, jina la mashine uliyoisikia kwa mara ya kwanza. Nyuma ya kadi ya kila mtu uliyeongea naye weka mstari mmoja: mliongea nini, ulimwahidi nini. Fanya hivyo usiku ule ule, kwa sababu kesho yake nyuso zote zitakuwa zimechanganyika. Kisha ndani ya wiki ya kurudi waandikie, barua fupi yenye kile kitu kimoja mlichozungumza. Usiandike "ilikuwa furaha kukutana nawe" peke yake. Barua za namna hiyo hazijibiwi, na mimi mwenyewe sizijibu.

Ratiba na programu ya simu ya mkutano pakua kabla hujaondoka. Intaneti ya hoteli huzidiwa watu wote wanapoketi ukumbini na kuwasha simu kwa pamoja, na hapo ndipo utakapohitaji kujua kikao kiko ghorofa gani.

Ukishapewa siku na nambari ya ubao utakaobandika bango lako, nitumie haraka. Kuna mama mmoja niliyesoma naye atakuwa hapo, ni mkali wa maswali na hapendi mabango yenye maneno mengi. Nimeshamwambia aje kuliona lako, kwa hiyo lipunguze kabla hujalichapisha.

Shangazi yako