Jumamosi ni ya Dakta Kalanithi

Hamjambo wadau, Jumamosi saa nane tuko maktaba ya Kaloleni kama kawaida, na safari hii tunamkumbuka Paul Kalanithi, yule daktari wa ubongo wa kule Marekani, wazazi wake walihamia huko kutoka India na babake pia alikuwa daktari. Jamaa alisoma fasihi kwanza ndio akaingia udaktari (wale mnaochekaga watu wa fasihi mko?), akakaa miaka mingi akijifunza upasuaji, halafu 2013 akiwa karibu kumaliza akaambiwa ana saratani ya mapafu na hata sigara hakuwa anavuta. Alirudi tu kazini kupasua wagonjwa akiwa yeye mwenyewe mgonjwa, hapo ndio mimi hushindwa kabisa kuelewa. Mtoto wake alizaliwa 2014, yeye akafariki Machi 2015 akiwa na miaka 37, kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata.

Wale mnatoka shifti ya usiku kujeni tu hata kama mtasinzia. Chai iko, mandazi nani analeta? Na aliye na kile kitabu cha kikundi akirudishe jamani.