Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Mwaka jana tulikubaliana kila karakana yetu, ya useremala na ya uchomeleaji, ipokee kijana mmoja asiye na kazi kutoka mitaa inayotuzunguka hapa Keko, Dar es Salaam, akae na fundi miezi tisa mpaka kazi imkolee. Tulipokea vijana 26. Waliofika mwisho ni 11. Nimeianza taarifa na hesabu hiyo makusudi, ili asiwepo wa kuitafuta kwenye kurasa za nyuma.

Kwenye kikao cha Machi wengi tulisema vijana wa siku hizi hawana subira, wanataka hela ya leo leo. Nami nilisema hivyohivyo, tena kwa sauti. Baadaye mimi na katibu tukawafuata walioacha, huko huko vijiweni. Neno walilolirudia ni moja: msasa.

Mmoja wao, sasa deiwaka wa bodaboda, yaani anaendesha ya mwenzake kwa siku, alituambia amepiga msasa miezi minne na randa hajaishika hata siku moja. Msasa anaujua kwa kidole tu, huu mkali, huu laini, bila kusoma namba nyuma yake. Nikamuuliza fremu ya mlango inapimwaje. Akacheka. Mwingine alikuwa akitumwa chakula kwa mama ntilie na kubeba mbao, basi. Ndugu zangu, huyo si mwanafunzi, ni saidia fundi, na afadhali saidia fundi jioni anaondoka na chochote.

Najua jibu lenu: na sisi tulifundishwa hivyo. Ni kweli, mwalimu wangu alinikataza msumeno mwaka mzima. Lakini nilikuwa nalala kwake na kula kwake. Dogo wa leo anatokea kwao Mbagala au Yombo, na tangu nauli ipande Desemba 2023 hata safari fupi ya daladala ni shilingi 600. Anayepanda gari mbili anatumia 2,400 kwenda na kurudi, bado hajala. Atailipa hela hiyo kila siku aje kusugua kabati la mwenzake?

Tangu Agosti tumejaribu kadi. Inaning'inia ukutani kwenye karakana, ina orodha ya kazi: kupima, kukata, kuranda, kuunga, kupiga vanishi, kwa wa kuchomelea iko ya kwao. Kijana akiweza kazi, fundi anasaini. Mnaolalamika kwamba mbao ya mkongo ikikatwa vibaya hasara ni yenu, mna haki, ndiyo maana wanaoanza wanakata paini na mabaki ya MDF, zile mbao za kiwandani za unga wa mti. Karakana zilizotundika kadi zilipoteza vijana wawili tu tangu hapo. Nauli nayo inatoka kwenye mfuko wa chama, nusu kwa nusu na fundi. Mweka hazina atawasomea.

Wanne kati ya wale 11 tumewapeleka kwenye utaratibu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupatia kazini. Chuo chao cha Chang'ombe ni jirani yetu, lakini kwa miaka tulipaona ni pa watu wa madaftari. Nami nilipimwa. Kwenye kazi ya mikono sikusumbuka, ila niliwekewa mchoro niusome kwanza ndipo nikate, na jasho likanitoka. Miaka yote nimekata kwa kichwa. Vijana walinicheka, na walikuwa na haki.

Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo vijana wametengewa asilimia 4, ilisitishwa Aprili 2023 na mwaka huu imerudi. Kikundi chetu cha kwanza kimekwama kwa kosa letu wenyewe: jina la mmoja kwenye kitambulisho cha NIDA si lile alilofungulia akaunti. Anasahihisha. Novemba hatukusogea sana, vijana walikuwa kwenye pilikapilika za uchaguzi wa serikali za mitaa.

Kuna jambo linaniuma kuliko kadi na mikopo. Mabinti watatu walioingia kwenye uchomeleaji wameondoka wote, na wala si kwa msasa. Eneo letu lina choo kimoja, mlango wake haufungi. Mafundi wa milango, Keko nzima! Mlango huo nimeutengeneza mwenyewe wiki iliyopita, na choo cha pili naomba tukipitishe kwenye kikao hiki kabla ya ajenda nyingine yoyote.

Kadi za mwaka ujao zimeshachapwa, ziko kwa katibu. Anayetaka kijana aje achukue kadi kwanza.

Mwenyekiti