Barua ya malalamiko kuhusu kiolesura cha toleo jipya la mfumo wenu endeshi

Kwa Mkuu wa Idara ya Usanifu wa Kiolesura,

Ndugu,

YAH: KUONDOLEWA KWA UHURU WA KUPANGA UPAU WA KAZI, NA KASORO NYINGINE ZA TOLEO JIPYA

Ninakuandikia nikiwa mtumiaji mwenye leseni halali, ambaye kazi yake ya kutwa nzima, hesabu kwa sehemu kubwa na barua kwa sehemu iliyobaki, hupita kwenye mfumo wenu. Toleo lililopita lilinifaa sana, hata nikawashawishi wenzangu ofisini wauhamie. Toleo jipya lilipokuja nilijipa muda, maana kila kigeni huchukua siku zake kuzoeleka. Yako mambo niliyoyazoea kweli, na hayo sitayataja. Barua hii inahusu yale ambayo kadiri ninavyoyatumia ndivyo yanavyozidi kunila muda.

Kubwa kuliko yote ni upau wa kazi, ule ukanda wenye aikoni, yaani vichoro vya programu. Zamani niliuweka wima, ubavuni mwa skrini, kwa sababu ya wazi: skrini za siku hizi ni pana na fupi, ilhali hati na majedwali ninayosoma ni marefu. Nafasi ya kwenda chini ndiyo adimu, ya pembeni ipo tele. Sasa upau umefungwa chini, mnene kuliko ulivyokuwa, na nimepekua mipangilio yote bila kuona pa kuuhamishia. Juu ya hayo mmeziweka aikoni katikati. Matokeo yake, kila programu mpya inapofunguka, zilizotangulia zinajisogeza kuipisha, na kitufe cha menyu kuu nacho kinahama. Mkono uliokwisha kujifunza mahali pa kwenda unafika na kukuta jirani.

Siamini kwamba wasanifu wenu hawaijui kanuni ya mwanasaikolojia Paul Fitts, iliyochapishwa mwaka 1954: muda wa kukifikia kitu hutegemea umbali wake na ukubwa wake. Kwenye kompyuta kanuni hiyo ina zawadi moja, nayo ni kona. Kielekezi kikifika ukingoni hakiendi mbele, kwa hiyo kitufe kilichoko konani hukikosi hata ukisukuma kipanya huku macho yako yako kwenye karatasi. Ndiyo maana menyu kuu ilikaa pale miaka yote. Kona hiyo sasa mmeipa taarifa za hali ya hewa. Kwa hali ya hewa dirisha ninalo, la kioo.

Kisha mmeyaunganisha madirisha yote ya programu moja chini ya aikoni moja isiyo na jina. Anayefungua barua pepe na kivinjari tu pengine hataona tofauti. Mimi hufungua majedwali kadhaa kwa pamoja, yenye sura ile ile, yanayotofautiana kwa mwezi au kwa jina la mteja. Zamani jina la faili lilisomeka kwenye upau, nikabofya mara moja. Leo nasimamisha kielekezi juu ya aikoni, nangoja picha ndogo zitokeze, nazikodolea macho kutafuta ipi ni ipi, ndipo nibofye. Picha ya jedwali iliyopunguzwa hadi upana wa vidole viwili haimwambii mtu chochote, ni kijivu kitupu chenye mistari. Kuingiza tarakimu za mteja mmoja kwenye jedwali la mwingine kumekuwa rahisi mno, na katika kazi ya hesabu hilo si jambo la kuchekea.

Menyu ya kubofya kulia nayo imepunguzwa. Kukata, kunakili na kubandika vimekuwa vichoro vidogo visivyo na maandishi, na tena vinapanda juu ya menyu au kushuka chini yake kulingana na mahali ulipobofya. Vilivyobaki vimefichwa nyuma ya “Onyesha chaguo zaidi”, ambayo ukiibofya inakufungulia menyu ile ile ya zamani, nzima, kama ilivyokuwa! Kama bado ipo, basi mlichotuongezea ni hatua. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, aliorodhesha kanuni zake za kupima violesura mwaka 1994, na mojawapo inasema mtumiaji atambue anachokiona badala ya kulazimika kukikumbuka. Kichoro cha karatasi mbili zilizopandana na kichoro cha karatasi juu ya ubao, kwa mtu asiyevizoea, havitambuliki.

Kuhusu macho, mfumo sasa unapenda maandishi ya kijivu juu ya kioo kinachoonyesha picha ya nyuma. Inapendeza kwenye matangazo yenu. Mwongozo wa ufikivu wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na makubwa 3 kwa 1. Najua mwongozo huo uliandikwa kwa ajili ya tovuti, lakini macho yanayosoma tovuti ndiyo hayo hayo yanayosoma menyu zenu. Uwiano wa maandishi yaliyo juu ya kioo haupimiki hata kidogo, kwa kuwa hubadilika kila dirisha la nyuma linaposogea. Vilevile kuna ile nukta ya kuonyesha kama faili zimehifadhiwa kwenye wingu: kijani ikiwa tayari, nyekundu ikiwa imeshindikana, umbo moja. Mwenzangu mmoja hatofautishi rangi hizo mbili. Kwake nukta hiyo haisemi kitu, naye ndiye anayetunza nakala za akiba za ofisi.

Pau za kusogezea kurasa zinazojificha, na kingo za madirisha nyembamba kiasi kwamba kulikamata dirisha ulipanue ni kazi ya kulenga shabaha, nazitaja tu, maana nina hakika mmekwisha kuambiwa. Mipangilio iliyogawanyika sehemu mbili, ya printa ikiwa nusu huku nusu kule, vilevile. Programu “zilizopendekezwa” ndani ya menyu kuu ni matangazo, na mimi nililipia leseni.

Niliwasiliana na huduma kwa wateja kuhusu upau. Nikajibiwa kwanza kwamba nitazoea, kisha nikatumiwa video ya mafunzo, kisha nikaelekezwa kutoa maoni kwa nyota. Nyota haziwezi kueleza ninachotaka. Na nilipouliza njia ya kurudi toleo la zamani nikaambiwa muda wake umepita, muda ambao hakuna ujumbe wowote ulionijulisha kwamba upo.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na nadhani ndipo mlipofikia. Lakini haya yamewahi kutokea kwa wakubwa na yakarekebishwa. Oktoba 2012 Microsoft ilitoa Windows 8 bila kitufe cha Start, cha kufungulia menyu kuu, kilichokuwepo tangu Windows 95. Watumiaji wakalalamika, kitufe kikarudi na Windows 8.1 Oktoba 2013, na menyu yenyewe ikarejeshwa na Windows 10 Julai 2015. Kampuni hiyo haikufa kwa kukubali kurudi nyuma. Watumiaji, hata hivyo, walikwisha kupoteza miaka.

Siombi mfute toleo jipya. Wapo wanaolipenda, nao wana haki yao. Ninachoomba ni swichi, kwenye mipangilio, mahali panapoonekana: ya kuuweka upau upande wowote wa skrini na kuzianzisha aikoni konani, na ya kuonyesha jina la kila dirisha bila kuyaunganisha. Menyu ya kubofya kulia ifunguke nzima kwa anayetaka. Kioo kizimike kwa kubofya mara moja, na nukta ya wingu ipewe alama, mstari au msalaba, isitegemee rangi peke yake. Mengi ya haya yalikuwemo katika toleo lililopita, kwa hiyo sikubali kuambiwa kwamba hayawezekani.

Leseni za ofisi yetu zinakaribia kuhuishwa na nimetakiwa kutoa ushauri. Kabla ya hapo naomba mnijibu kwa maandishi swali moja, kwa ndiyo au hapana: je, toleo lijalo litaniruhusu kuhamisha upau wa kazi? Ikiwa jibu ni ndiyo, nielezeni ni lini. Video ya mafunzo msinitumie, ninayo.

Wenu,

Mtumiaji wa mfumo wenu